Mshahara wa Ndugu



Iko methali ya Kiswahili isemayo: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliishika methali hiyo tangu ujana wetu, tukajisifu nayo. Lakini siku moja, chini ya mwembe wa nyumbani kwetu, tuliaibishwa na daftari lile lile tuliloliandika kwa mkono wetu. Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia, kwa maana twaamini haikutokea kwetu peke yetu. Ziko nyumba nyingi ambamo ndugu humfanyia ndugu kazi, dukani, kwenye cherehani, kwenye tanuru la matofali au kwenye mashine, na nyingi zina ugonjwa ule ule uliotupata sisi.

Sisi tunaowaandikia ni katekista wa huku Lusangi. Tulisoma seminari miaka kadhaa, kisha tukatambua kwamba njia yetu si ya upadri, tukarudi nyumbani, tukaoa. Ukatekista peke yake haumlishi mtu na watoto wake. Kila katekista hana budi kuwa na jembe lake. Jembe letu sisi lilikuwa kalamu. Nyumba yetu ina mashine ya kukoboa mpunga, na kwa kuwa tulijua hesabu, tuliwekwa kuandika daftari.

Mashine hiyo ilinunuliwa na marehemu baba yetu. Kwanza alikuwa mchuuzi wa baisikeli. Alinunua mpunga na mafuta ya mawese vijijini, akaisukuma baisikeli yake hata Kasongo, na mara nyingine mpaka Samba, mahali pa gari la moshi. Wanaozijua barabara zetu wakati wa mvua wataelewa maana ya kusukuma baisikeli yenye magunia mawili matopeni. Kwa jasho hilo akanunua injini moja ya mazuti, iliyokwisha kutumika, pamoja na kinu chake cha chuma. Alipofariki, mkubwa wetu alishika nafasi yake.

Wakati ule watu saba wa ukoo mmoja walifanya kazi pale. Mkubwa wetu alikuwa bwana wa mali. Sisi tulikuwa wa daftari. Mtoto wa shangazi yetu alikuwa fundi wa injini. Mashemeji wawili, mmoja wao mjane, walipepeta na kupima mchele. Na vijana wawili, wapwa zetu, walibeba magunia. Wageni waliopita walitusifu, wakasema: «Tazameni watu hawa! Hakuna mtu wa nje kati yao. Wanapendana kweli.» Nasi tulifurahi kusikia sifa hizo. Kweli tulipendana. Lakini upendo wetu ulikuwa umefunika jambo moja ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja: hakuna mtu aliyejua mshahara wake.

Mtu akiuliza, jibu lilikuwa tayari. «Wewe wakula hapa nyumbani, walala hapa nyumbani, ukitaka kuoa tutakutolea mahari. Mshahara wa nini? Wewe ni mtoto wa nyumba.» Maneno hayo ni mazuri masikioni, nayo yana ukweli ndani yake. Ndiyo sababu yanadanganya watu wengi.

Mwaka 2018, siku za mavuno ya mpunga, mtoto wa fundi alishikwa na homa kali. Fundi akamwendea mkubwa wetu kuomba fedha za dawa. Mkubwa wetu akamwambia: «Ngoja kesho. Mchele uliokwenda Kasongo haujalipwa bado.» Wala hakusema uwongo; fedha kweli hazikuwapo. Kesho yake fundi akaja tena, akaambiwa vile vile. Siku ya tatu hakuja. Usiku alifungua tangi, akatoa mazuti litri sita, akamwuzia mwenye mashine mwingine. Mtoto akapelekwa kutibiwa, akapona.

Sisi ndio tuliogundua. Daftari letu lilikuwa safi: mazuti yaliyoingia, mazuti yaliyotumika, saa za kazi. Litri sita zilikuwa zimepungua. Tukapaza sauti kama mtu aliyeona nyoka jikoni. Jioni ile ile ukoo ukakusanyika chini ya mwembe. Wakubwa wakasema kwa ukali, wakataja wizi na laana. Wengine wakataka fundi afukuzwe.

Fundi alisikiliza yote, kisha akasimama. Akasema kwa heshima: «Wakubwa zangu, mazuti niliyatoa mimi. Nimekosa, sikatai. Nikateni katika mshahara wangu, hata litri zote sita. Lakini niambieni kwanza, mshahara wangu ni kiasi gani?»

Watu wote wakanyamaza. Mkubwa wetu akatugeukia akasema: «Mwalimu, tazama katika daftari.»

Tukafungua daftari. Tukapindua karatasi moja, na ya pili, na ya tatu, huku twajua hakika hatutaona kitu. Magunia yote yaliandikwa mle. Litri zote ziliandikwa. Ukanda wa mashine ulionunuliwa Kasongo uliandikwa, na bei yake, na nauli ya aliyeufuata. Hata jogoo aliyepewa askari wa barabarani aliandikwa. Lakini katika miaka minne, jina la mfanyakazi hata mmoja halikuandikwa mahali po pote. Injini ilikuwa na ukurasa wake. Aliyeiendesha hakuwa nao.

Na lilikuwapo jambo lingine, ambalo watu wale hawakulijua. Kila Jumamosi sisi wenyewe tulichukua ndoo moja ya mchele, tukaipeleka nyumbani kwetu, wala hatukuiandika. Tulijiambia: kazi yetu ya kalamu haina malipo, basi hii ndiyo haki yetu. Yaani tulitenda sawasawa na fundi, tena si siku moja ya shida, bali kila juma. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na kalamu ya kujifichia. Siku ile tulifunga daftari, tukanyamaza. Aibu hiyo tunayo hata leo.

Alfajiri fundi akaondoka bila kuaga. Baadaye tukasikia yuko upande wa Salamabila, ambako watu wengi wa sehemu zetu wamekwenda kuchimba dhahabu. Mke wake na watoto wake walibaki kwetu. Mmoja wa wapwa akashika injini, lakini hakuna aliyekuwa amemfundisha. Mafuta ya injini yalipopungua hakujua. Siku ya tisa injini ikakwama kwa kishindo, ikazima. Wakulima waliokuwa wamepanga magunia yao uani wakayapakia tena juu ya baisikeli, wakaenda kwa mwenzetu mwingine. Kazi ya baba yetu ya miaka mingi ikasimama kwa sababu ya litri sita, au tuseme kweli, kwa sababu ya neno moja lisilosemwa miaka minne.

Usiku mmoja tulikuwa tukiandaa somo la wakatekumeni juu ya Yakobo na mjomba wake Labani. Habari hiyo twaifahamu tangu seminari, lakini usiku ule tuliisoma kama barua iliyoandikiwa nyumba yetu. Labani, kwanza, alinena vizuri. Alimwuliza Yakobo kama ni haki amtumikie bure kwa sababu tu ni ndugu yake, akamtaka ataje mshahara wake. Lakini baadaye alimdanganya juu ya mke, akabadili mshahara mara nyingi, hata Yakobo akatoroka na jamaa yake yote. Tukaona kwamba nyumba yetu ilikuwa imepita ubaya wa Labani. Yeye angalau alikuwa ameuliza. Sisi hatukuuliza kamwe.

Tukakumbuka pia mambo ya nchi yetu. Huku Maniema kazi ya bure ina historia chungu. Katika karne ya 19 Kasongo ulikuwa mji mkubwa wa Hamed bin Muhammed, yule aliyeitwa Tippu Tip. Biashara yake ya pembe ilishikwa na watu wa jamaa yake: mwanawe Sefu alikaa Kasongo, na mpwa wake Rashid alikaa kwenye maporomoko, Kisangani ya leo. Undugu uliwawezesha kuaminiana ijapokuwa walikaa mbali. Lakini wengi wa waliobeba pembe na kulima mashamba walikuwa watumwa. Wao hawakuulizwa mshahara. Mwaka 1893 majeshi ya Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold II yalitwaa Kasongo, na bwana mpya naye akaleta kazi ya lazima na mazao ya lazima. Mpunga wenyewe tunaoukoboa ulifika huku pamoja na wafanya biashara wa zamani zile. Wazee wetu waliteseka kwa kumfanyia kazi mtu asiyewalipa. Je, yafaa sisi watoto wao tuwafanyie ndugu zetu jambo hilo, kisha tuliite upendo?

Labda mtu atasema, hayo ni mambo ya mashine ndogo ya kijijini. Wenye mali nyingi hawana shida hizo. Si hivyo. Huko Kenya mzee mmoja, Joram Kamau, alianza na duka dogo katika sehemu za Nakuru. Duka likakua, likazaa maduka makubwa mengi yaliyoitwa Tuskys, yenye maelfu ya wafanyakazi. Mzee huyo alifariki mwaka 2002. Baada ya miaka, watoto wake wakashindwa kusikilizana juu ya mali na usimamizi, wakapelekana mahakamani. Mwaka 2020 madeni yaliwalemea, rafu zikawa tupu, maduka yakafungwa moja baada ya jingine, na wafanyakazi wakabaki wakidai mishahara yao. Hatusemi kwamba ugomvi wa ndugu ulikuwa sababu pekee. Lakini twaona kwamba wingi wa mali haukuwatibu. Jambo lisilopatanwa mapema kati ya ndugu hukua pamoja na mali.

Basi, tulifanyaje? Kwanza tulimwendea mkubwa wetu faraghani, tukamwambia habari ya ndoo za mchele. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alitutazama kitambo, kisha akacheka kwa uchungu, akasema: «Mwalimu, na mimi nachukua. Sijui hata ni kiasi gani.» Kumbe watu wote walichukua, kila mtu kwa mlango wake! Yule mjane peke yake hakuchukua kitu.

Siku ya pili tukaita tena ukoo chini ya mwembe, safari hii bila kumshtaki mtu. Tukaandika kazi zote na mtu wa kila kazi. Halafu tukauliza: kama angekuwa mtu wa nje, tungemlipa nini? Ubishi ulikuwa mwingi. Mmoja wa baba wadogo alikasirika, akasema tunauza undugu kwa franka. Ndipo yule mjane akaomba ruhusa kusema. Akasema: «Baba, mimi sitaki kuuza undugu. Nataka kujua tu. Asubuhi mtu mmoja ananiambia pepeta, wa pili ananiambia pima, wa tatu ananiambia nikateke maji. Jioni naambiwa sikufanya kazi. Na chumvi ya watoto wangu naomba kama maskini, katika nyumba ninamofanya kazi tangu alfajiri.» Baada ya maneno hayo baba mdogo hakusema neno tena.

Tulipomaliza kuandika mishahara, tukafanya hesabu ya miaka iliyopita, tukaona jambo la kutisha. Tulikuwa tukiamini mashine yaleta faida. Lakini tulipotoa katika faida hiyo mshahara wa fundi, wa mashemeji na wa vijana, faida ilitoweka karibu yote. Fahamuni vizuri: ile tuliyoiita faida ilikuwa mishahara ya ndugu zetu iliyolala mfukoni mwetu. Mwenye mali asiyehesabu kazi ya ndugu hajui kama anapata au anapoteza. Hawezi kujua kama bei yake ni ndogo, wala kama watu wake wamezidi kazi. Anaendesha baisikeli usiku bila taa.

Haya ndiyo tuliyopatana.

Kwanza, kila mtu ana ukurasa wake katika daftari, na mshahara wake umeandikwa kabla ya kazi, si baada yake. Hayo si mawazo yetu tu. Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, yataka mapatano ya kazi yaandikwe, na mshahara ulipwe kwa vipindi visivyopita mwezi mmoja. Kwetu sisi siku ya kulipa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wakati wa njaa, kabla ya mavuno, tunalipa sehemu kwa mchele, lakini kwa mapatano na kwa bei iliyoandikwa.

Pili, anayechukua kitu huandika, hata akiwa mkubwa wa nyumba. Chakula cha pamoja ni cha wote. Ndoo ya kupeleka nyumbani hukatwa katika mshahara. Mwanzoni jambo hilo lilimwuma mkubwa wetu. Akasema: «Niandike mali yangu mwenyewe?» Tukamjibu: «Ndiyo, mkubwa, ili wadogo wasione haya kuandika yao.»

Tatu, amri za kazi hutoka kwa mtu mmoja. Shangazi na baba wadogo wana heshima yao, nao hupewa kiti wafikapo. Lakini hawamtumi mpimaji katikati ya kazi.

Nne, ugomvi wa kazi husemwa Jumatatu asubuhi kabla ya kuwasha injini, wala si usiku penye chakula, wala si msibani. Tena anayeanza kusema ni mdogo wa wote. Mkubwa akianza, wadogo hukubali yote kwa midomo, na moyoni hukataa.

Tano, kila kazi ina watu wawili wanaoijua. Yule mpwa aliyeharibu injini hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu tuliomwacha bila mwalimu.

Sita, kuna sanduku dogo la shida. Kila mwezi kitu kidogo huingia humo kutoka katika mapato ya mashine, kwa ajili ya mgonjwa na msiba. Funguo zake ziko kwa yule mjane, kwa maana mikono yake ilikwisha kujaribiwa. Mtu mwenye mtoto mgonjwa asiambiwe tena: ngoja kesho.

Na fundi je? Tulihesabu miaka yake minne kwa mshahara ule mpya, tukatoa bei ya litri sita, kama alivyosema mwenyewe. Deni lilikuwa kubwa kuliko uwezo wetu. Tukaandika barua, tukataja jumla yake, tukasema tutalipa kwa mavuno matatu. Sehemu ya kwanza tukampa mke wake mbele ya mashahidi. Barua ikapelekwa Salamabila na mchuuzi mmoja wa baisikeli. Miezi ikapita kimya.

Alirudi mwaka uliofuata, amekonda, bila dhahabu. Hakutuangukia shingoni, wala hatukuchinja ndama. Alikaa kwenye kiti, akaomba kuona daftari. Akasoma ukurasa wake pole pole, akauliza juu ya mstari mmoja, tukamwonyesha. Ndipo akasema: «Injini iko wapi?» Alifanya kazi majuma mawili kuitengeneza, kwa vipande vilivyoletwa kutoka Kasongo, akawafundisha wapwa wote wawili. Deni lake lilikwisha katika mavuno ya nne, si ya tatu, kwa sababu mavuno moja yalikuwa mabaya. Tulimwambia mapema, naye akakubali.

Tusiwadanganye, wasomaji wapenzi: nyumba yetu haikugeuka kuwa ya malaika. Mmoja wa baba wadogo hajaja uani kwetu hata leo. Mpwa mmoja, alipoona mshahara wake umeandikwa, aliona pia kwamba ni mdogo, akaenda kutafuta kazi mahali pengine. Alituaga, nasi tulimpa haki yake yote. Mkubwa wetu mara kwa mara humtuma mtoto kuchota mchele bila kuandika, nasi twamfuata na daftari mkononi, naye anacheka, anaandika. Lakini hakuna aliyechota mazuti usiku tena. Na yule mjane hanunui tena chumvi kwa kuomba.

Methali nyingine husema: undugu ni kufaana, si kufanana. Ewe baba mwenye duka, ewe mama mwenye cherehani tatu, tazama watoto wa ndugu zako wanaokufanyia kazi. Uliza leo, kabla hawajakuuliza wao mbele ya watu. Ukiona haya kutaja mshahara mbele ya ndugu, ujue kwamba yeye anaona haya mara mbili kuliko wewe, naye ndiye mwenye njaa.

Daftari letu la sasa laanza na jina letu sisi waandishi. Mstari wa kwanza wasema: ndoo moja ya mchele, Jumamosi, imekatwa.